Raga ya New Zealand, dhahabu ya Bayi na makaburi ya Mazimbu

Mtajie mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) jina la Mazimbu, atawaza ratiba ya vipindi na chumba cha kupanga. Hana kosa. Ila ndani ya eneo la kampasi hiyo kuna makaburi ya watu waliozaliwa Afrika Kusini wakazikwa huku, Milima ya Uluguru ikiwatazama. Ukifuatilia walivyofika Morogoro, Mji Kasoro Bahari, utajikuta umerudi kwenye swali ambalo wapenda riadha wa Tanzania wameulizana kwa miaka mingi: kwa nini mwanariadha Filbert Bayi hakukimbia Olimpiki ya Montreal?

Jibu linaanzia Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Januari na Februari 1974. Michezo ile nusura iharibike kabla haijaanza. Timu ya raga ya makaburu wa Afrika Kusini, Springboks, ilikuwa imealikwa kuzuru New Zealand mwaka 1973, na nchi za Afrika zikasema wazi kwamba ziara hiyo ikifanyika, Christchurch wasiwasubiri. Waziri Mkuu Norman Kirk aliingia madarakani akiwa ameahidi kutoingilia mambo ya raga. Polisi wake walipomweleza vurugu zitakazotokea, na alipopiga hesabu ya michezo isiyo na Waafrika, aliimeza ahadi yake. Aprili 1973 ziara ikafutwa.

Kwa hiyo Waafrika walikwenda. Tarehe 2 Februari 1974, kijana wa miaka 20 kutoka Karatu alichomoka mbele tangu bastola ilipolia, akakataa kumpisha mtu katika mizunguko yote ya mita 1,500. Wataalamu wa siku hizo waliuona ukimbiaji wa namna hiyo kuwa ni ujinga wa kujimaliza mapema. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Nyuma yake alikuwa John Walker wa New Zealand, na wa tatu Ben Jipcho wa Kenya. Rekodi hiyo ya Michezo ya Madola ilikaa miaka 48, ikavunjwa Birmingham mwaka 2022.

Dunia nzima ikaanza kusubiri Montreal, Olimpiki ya 1976. Bayi na Walker tena.

Lakini New Zealand ilikuwa imebadilisha serikali. Waziri Mkuu mpya, Robert Muldoon, hakutaka kusikia habari za kuizuia raga, na mwishoni mwa Juni 1976 timu ya raga ya New Zealand, All Blacks, ikaanza ziara yake Afrika Kusini. Tarehe 16 Juni, siku chache tu kabla, polisi wa makaburu walikuwa wamewafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto walioandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Maiti za watoto hazijapoa, na wageni wanashuka kwenye ndege na mpira mkononi!

Baraza Kuu la Michezo Afrika lilidai New Zealand iondolewe Montreal. Lord Killanin, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na wenzake walijibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, hivyo hayawahusu. Kwenye karatasi walikuwa sahihi. Lakini mtu anayeandaa shughuli ya dunia nzima hapangi viti na tiketi tu. Anapaswa kujua pia nani hawezi kukaa meza moja na nani, na kwa nini. Kirk aliligundua hilo mapema akaiokoa Christchurch. Montreal walisubiri hadi wiki ya mwisho.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kutangaza kutoshiriki. Michezo ikafunguliwa tarehe 17 Julai huku nchi zaidi ya 20 zikiwa zimejitoa, karibu zote za Afrika. Wanamichezo wa Misri, Morocco, Tunisia na Cameroon walikuwa wameshaanza kushindana wakaambiwa wafungashe. Katika soka, Ghana, Nigeria na Zambia zilitoka, makundi matatu yakabaki na timu tatu tatu. John Akii-Bua wa Uganda hakupata nafasi ya kutetea dhahabu yake ya mita 400 kuruka viunzi.

Walker alishinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 39.17, polepole kuliko Bayi wa Christchurch kwa sekunde 7. Imeelezwa pia kwamba Bayi alikuwa akisumbuliwa na malaria kipindi kile, kwa hiyo tusiigawe dhahabu ambayo haikukimbiliwa.

Morogoro nayo ilikuwa na yake. ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, kilikuwa na makao hapa tangu miaka ya 1960, na mkutano wake maarufu ulioanza Aprili 1969 unajulikana hadi leo kwa jina la mji huu. Baada ya Soweto wakaja vijana, wengi wao wametoroka na nguo za mwilini tu, masomo yao yamekatikia njiani. Mwaka 1977 Tanzania iliwapa ANC shamba la zamani la mkonge la Mazimbu, Anna Abdallah akiwa Mkuu wa Mkoa. Shule iliyojengwa hapo ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Juni 1976, mwezi uleule uliomnyima Bayi mbio zake, ndio ulioijaza Mazimbu wanafunzi.

Je, Bayi aliulizwa kabla ya Tanzania kususia? Wanamichezo wa zama zile hawakuulizwa, na gharama waliilipa wao. Naona kususia kulikuwa haki, lakini deni la shukrani kwao tumelilipa kwa kusuasua.

Februari 1980 Marekani ilimtuma bondia Muhammad Ali Dar es Salaam aishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya uvamizi wa Kisovieti nchini Afghanistan. Waandishi wa habari walimuuliza Marekani ilikuwa wapi Afrika iliposusia 1976. Ali hakuwa na jibu, akakiri kwamba hakuelezwa habari hiyo. Rais Nyerere hakumpokea. Kenya ilisusia, Tanzania ikaenda. Bayi akapata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui ya fedha katika mita 5,000. Hadi leo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

ANC ilikabidhi Mazimbu kwa serikali ya Tanzania mwaka 1992, na makaburi yakabaki. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa AFCON, na treni ya umeme sasa inapita Morogoro. Enyi mnaopanga safari za wageni, wekeni kituo Mazimbu.