Watoto Walionyosha Mikono



Juma hili tuitafakari historia ya polio, ugonjwa unaopoozesha. Mwaka 1952 Marekani ilihesabu wagonjwa karibu 58,000, wengi wao watoto. Zaidi ya 3,000 walifariki. Wazazi waliwakataza watoto kuogelea, hata kucheza na wenzao.

Tarehe 26 Aprili 1954 yakaanza majaribio makubwa ya chanjo ya Dkt. Jonas Salk, yaliyohusisha wanafunzi wadogo wapatao 1,800,000. Baadhi walidungwa chanjo, baadhi kimiminika kisicho na dawa, wengine wakafuatiliwa tu. Tarehe 12 Aprili 1955 ikatangazwa kuwa chanjo inakinga, na kengele za makanisa zikalia.

Furaha hiyo haikudumu. Katika chanjo ya kiwanda kimoja mlibaki virusi hai. Watu wapatao 200 walipooza, 10 wakafa. Serikali ikasimamisha chanjo, ikachunguza, ikakaza ukaguzi. Wazazi wakarudi na watoto wao, na kufikia mwaka 1957 wagonjwa hawakufika 6,000.

Nasi tunajifunza nini? Hofu ya mzazi si dhambi. Ni upendo unaouliza. Anayeuliza asikemewe, bali aelezwe ukweli wote, pamoja na makosa yaliyotendeka. Na tuwakumbuke watoto wale: kama kijana wa Injili mwenye mikate mitano, walitoa kidogo walichokuwa nacho, na umati ukashiba.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu