Nani Aliwapa Watoto wa Likasi Noeli?

Katika miaka ya mwanzo ya mji wa Katanga tunaouita leo Likasi, Noeli ya watoto isingewezekana, kwa kuwa watoto wenyewe walikuwa haba. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya shaba iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono ya wanaume, na iliwataka waje peke yao. Walitolewa Maniema, Lomami na Kasai, wengine Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na katika miaka ya 1920 hata Ruanda-Urundi. Walifanya kazi kwa miezi michache. Wengi waliugua, wengine wakafia kambini, waliosalia wakarudi kwao na nafasi zao zikajazwa na wageni wengine. Hali hiyo ilibadilika mnamo 1927 na 1928, kampuni ilipoona kwamba kuleta watu wapya kila mara kunagharimu zaidi kuliko kuwatunza waliopo. Ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu, na mfanyakazi akahimizwa kuja na mke wake na kuzalia watoto hapo hapo kambini. Anayetafuta asili ya pilikapilika za Desemba katika mji huu, yaani nguo mpya, mazoezi ya nyimbo, zawadi na maigizo ya kuzaliwa kwa Yesu, ataipata kwenye mikataba hiyo kabla ya kuipata kwenye mila za ukoo wowote. Ninachodai ni hiki: majuma yale ya kungojea yalipangwa na kampuni, shule na parokia kabla hayajawa mali ya familia, na familia iliyachukua mikononi mwake pale kampuni ilipoanguka. Noeli ya nyumbani, ambayo huzungumzwa kana kwamba tuliirithi kwa mababu, ni changa kuliko inavyodhaniwa, na walioiunda zaidi ni akina mama wa miaka ya 1990.

Jambo la kwanza la kuelewa ni jinsi kampuni ilivyomwingiza mtoto katika hesabu zake. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia siasa ya Union Minière kwa wafanyakazi Waafrika, aliandika mwaka 1946 kitabu kizima kuieleza na kuitetea siasa hiyo. Mfanyakazi wa kesho ndiye mtoto wa leo, hivyo mtoto alipimwa uzito kliniki, akapelekwa shule, akahesabiwa kwenye posho. Baba mwenye watoto wanne alipokea unga mwingi kuliko baba mwenye mmoja. Elimu ilikuwa mikononi mwa Wabenedikto, waliokabidhiwa Katanga na Roma tangu 1910, chini ya Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne. Masista nao waliwafundisha wake za wafanyakazi kushona, kupika na kulea kwa namna ambayo Wabelgiji waliiona ndiyo sahihi. Kambi za Panda na Shituru zilikuwa mahali ambapo saa ya kuamka, saa ya kugawiwa chakula na saa ya katekisimu zilitoka kwenye ofisi moja au kwa watu waliokula meza moja. Desemba haikuweza kuwa tofauti. Wabelgiji walileta sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, tarehe 6 Desemba, ambayo kwao ndiyo siku ya watoto kupewa vitu, kisha Noeli yenyewe, ambayo ilikuwa zaidi siku ya misa. Kumbukumbu za familia za kampuni humtaja mtakatifu huyo na Noeli kwa pumzi moja, pamoja na bonboni, biskuti na vichezeo, na mara nyingi hazitofautishi ni kipi kilitoka kwa padri na kipi kilitoka kwa mkuu wa kambi. Huko kuchanganya nakuona kuwa ushahidi kamili. Kwa mtoto wa Panda wote wawili walikuwa upande mmoja wa meza, na baba yake alikuwa upande wa pili, amepanga foleni pamoja naye.

Tukilinganisha na Ulaya tofauti inaonekana vizuri. Mwanzoni mwa karne ya 20 Gerhard Lang wa Munich alianza kuchapisha kalenda za Majilio, na mtoto wa Kijerumani akawa anahesabu siku za Desemba kwa karatasi ya ukutani, sebuleni kwa mama yake. Karne moja baadaye, mwaka 2005, Wamarekani walitoa kitabu cha kikaragosi anayekaa rafuni na kuhamishwa kila usiku na wazazi, na mamilioni ya nyumba yakakipokea. Kote huko anayeendesha kungojea ni mzazi, na mahali pake ni nyumbani. Huko Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati wa ukoloni kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi na tajiri wa Brussels, kungojea kuliendeshwa na mishahara na mitihani. Mtoto alingoja muhula uishe na mshahara wa Desemba ulipwe, maana nguo mpya haikununuliwa kabla yake. Haya si mambo ya upendo kupungua au kuzidi. Baba wa kambini alimpenda mwanawe kama baba wa Munich, ila hakuachiwa nafasi ya kuwa yeye anayepanga siku.

Wala tusiipambe picha hiyo. Mwezi ule ule wa zawadi ndio mwezi ambao akina baba waliona wazi kinacholipwa na kisicholipwa. Mwanzoni mwa Desemba 1941, bei za bidhaa zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma, Jadotville wakiwa miongoni mwao. Tarehe 9 Desemba, siku tatu baada ya Mtakatifu Nikolasi, askari waliwafyatulia risasi wagomaji uwanjani Élisabethville (Lubumbashi ya leo), wakaua makumi ya watu, akiwemo Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao. Watoto wa waliouawa walisoma shule zile zile na walihesabiwa kwenye posho ile ile. Anayekumbuka bonboni bila kukumbuka uwanja ule anasimulia nusu ya Desemba ya Katanga.

Msomaji Mkristo atapinga, na kwa haki, kwamba Noeli ni ya Kanisa na Kanisa lilikuwapo kabla ya tanuru la kwanza. Ni kweli. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886, miaka ishirini kabla ya Union Minière kuzaliwa, na jumuiya ya Garenganze iliyotokana na kazi yake ingali hai. Wamethodisti wa John Springer nao walifanya kazi katika eneo la Likasi na Mulungwishi tangu mapema. Naikubali hoja hiyo kwa upande wa imani na wa nyimbo. Sehemu moja ya Desemba ya watoto haikuwahi kutegemea posho, nayo ni kwaya. Kipaji cha watoto wa Katanga katika kuimba kilionekana na dunia nzima mwaka 1958, pale wavulana wa Kamina waliofundishwa na Padri Guido Haazen walipozunguka Ulaya, na Missa Luba ikawafanya wajulikane. Mazoezi ya namna hiyo, yanayoanza mvua za Novemba zikiwa zimekwisha kushika, ndiyo yaliyompa mtoto wa Likasi hisia ya kwamba kuna jambo linakuja. Hata hivyo imani peke yake haielezi sura ya sikukuu, kwa kuwa Wakristo wa eneo hili hawakubaliani kuhusu sikukuu yenyewe. Kitawala, iliyoisumbua serikali ya kikoloni Jadotville katika miaka ya 1930, ilitokana na Watch Tower, ambayo haiadhimishi Noeli hata kidogo. Wakimbangu, ambao nabii wao alifungwa Élisabethville tangu 1921 hadi alipofariki mwaka 1951, siku hizi huiadhimisha tarehe 25 Mei. Kama Biblia moja inazaa Desemba tofauti hivyo, basi lililoipa Desemba ya Likasi umbo lake la nguo, zawadi na kungojea mshahara lazima litafutwe nje ya Biblia.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Likasi haikuwa kambi tupu. Mtaa wa Kikula ulijaa wafanyabiashara, mafundi cherehani, watumishi wa nyumbani, wafanyakazi wa reli na wengine wengi ambao hawakupokea posho ya Union Minière. Kiwanda cha baruti cha Afridex nacho kilikuwa na watu wake. Je, hao hawakuwa na Noeli yao? Walikuwa nayo, na ningependa sana historia yake iandikwe peke yake. Lakini kipimo kilitoka kambini. Fundi wa Kikula alipata kazi nyingi Desemba kwa sababu mishahara ya Panda na Shituru ilimfikia kupitia nguo za watoto. Duka lilijaza bidhaa kwa kuhesabu siku ya malipo. Na mtoto wa muuza samaki aliyeketi darasani na mtoto wa Shituru alijua kilichofaa kuvaliwa tarehe 25 kwa kumtazama mwenzake. Kampuni haikuwalisha wote, ila iliwafundisha wote jinsi mtoto aliyetunzwa anavyoonekana siku ya sikukuu. Aibu anayoipata mzazi leo mwanawe anapokwenda kanisani na nguo ya mwaka jana ina umri wa kambi, na haina budi kutazamwa kama kitu chenye historia, kisichukuliwe kama sheria ya Mungu.

Mwaka 1974 ulileta jaribio ambalo mwanahistoria asingeweza kulipanga. Rais Mobutu, aliyekwisha kuyapiga marufuku majina ya ubatizo mwaka 1972, aliiondoa Noeli katika siku za mapumziko. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi Zaire nzima, na kampuni yenyewe, iliyotaifishwa mwaka 1967 na kuja kuitwa Gécamines, ilikuwa mali ya serikali iliyotoa amri. Mwisho wa mwaka huo shule za makanisa nazo zikachukuliwa. Kama hoja yangu ingekuwa kwamba Noeli ni zao la ofisi tu, ingepaswa kufa hapo. Haikufa. Misa ya mkesha iliendelea, na kungojea kwa watoto hakuhitaji ruhusa ya kupumzika, kwa kuwa kulikuwa kumetawanyika katika majuma yote yanayotangulia. Lakini mwaka huo huo bei ya shaba, iliyofika kileleni mwezi Aprili, iliporomoka kwa zaidi ya nusu kabla mwaka kwisha. Amri ya Rais iligusa siku moja. Bei ya shaba iligusa mshahara, posho na zawadi, na kwa miaka mingi haikupona vya kutosha. Kwa maoni yangu London, inakopangwa bei hiyo, ilifanya zaidi ya Kinshasa katika kuibadilisha Desemba ya Likasi.

Anguko lenyewe lilikuja taratibu, kisha kwa kishindo. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukabomoka mwaka 1990, na kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Katikati ya hapo, tangu Agosti 1992, siasa za gavana Kyungu wa Kumwanza ziliwafukuza majirani wenye asili ya Kasai. Maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi na katika majengo ya shule wakingoja treni, watoto wakiwemo, wengi wao wazaliwa wa mji huu ambao hawakuwahi kuiona Kasai. Kwa waliobaki, mishahara ilichelewa kwa miezi, posho ikakoma, na mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu aliuita uhusiano wa kampuni na wafanyakazi wake kwa jina lake kamili katika kitabu chake cha 2001 kuhusu watoto wa Shaba waliotelekezwa na baba yao, na baba anayemkusudia ni kampuni. Dibwe ameonyesha pia jinsi mamlaka ndani ya nyumba yalivyohama, mke aliyekuwa amefundishwa kungoja mshahara akawa ndiye anayelima, anayechuuza na anayelisha. Hapo ndipo ninapoiweka Noeli ya kifamilia. Desemba ni mwezi mgumu Katanga. Mahindi mapya bado hayajakomaa, unga hupanda bei, ada za shule hudaiwa. Mama aliyeanza kuweka akiba tangu Septemba, aliyeficha kitenge kwa jirani, aliyemlipa fundi kidogo kidogo, aliyefuga kuku wawili kwa ajili ya siku moja, alifanya jambo ambalo bibi yake wa kambini hakulazimika kulifanya. Alipanga kungojea kwa mtoto kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wapo wanaosema kwamba desturi hii yote ni ganda la ukoloni, na sasa ni soko la vichezeo vya plastiki na miti ya bandia inayopita mpaka wa Kasumbalesa, kwa hiyo iachwe. Siwezi kukubali. Asili ya kitu haimfungi anayekifanyia kazi, na mwanamke aliyeichukua Desemba ilipoanguka hadaiwi chochote na Union Minière. Wengine, na hawa wananihuzunisha zaidi, wanataka kampuni mpya za madini zirudishe foleni ya zawadi. Kanuni za madini za Kongo zilizorekebishwa mwaka 2018 zinazitaka kampuni zitenge asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoathiriwa. Fedha hizo zitumike kwa maji, madarasa na zahanati za Kikula, Panda na Shituru, na kwa watoto ambao bado huosha mawe ya madini mitoni ili wapate pa kuanzia. Zikigawiwa kama bonboni mwezi Desemba, zitamrudisha mzazi upande wa pili wa meza, naye ametumia miaka thelathini kuvuka.