Uzee wa Mkulima ni Deni la Nani?

Kilakala, chini ya Milima ya Uluguru, mtumishi mstaafu husubiri pensheni ya mwezi. Mama anayeteremka na ndizi kutoka mlimani kuja kumuuzia hajawahi kukatwa mchango wowote. Wote wawili wanazeeka. Kila utaratibu wa kumtunza mzee naupima kwa swali moja: nani anadaiwa?

Kwa Waluguru wa jadi, ukoo ndio uliodaiwa. Ardhi ilirithiwa upande wa mama, na mama aliyezeeka alikuwa na haki yake katika shamba la kwao. Hakuhitaji kuomba hisani. Hata hivyo, mume aliyehamia kwa mkewe alilima ardhi isiyo ya ukoo wake, na leo mashamba ya mlimani yamemegwa vipande vidogo huku vijana wakihamia mijini. Haki ingalipo, ila shamba la kuibeba limepungua.

Utaratibu wa pili una asili ya Ujerumani. Mwaka 1889, majeshi ya Kansela Bismarck yakipigana na Bushiri, aliyepinga utawala wao katika pwani yetu, bunge lake lilipitisha pensheni ya wafanyakazi waliotimiza miaka 70, kwa michango ya mfanyakazi, mwajiri na serikali. Mifuko yetu ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, inafuata wazo hilo la kuchangia. Hapa deni limeandikwa katika sheria. Ndiyo maana kikotoo cha mafao cha mwaka 2022 kiliposhusha malipo ya mkupuo ya watumishi wengi hadi asilimia 33, malalamiko yalifika bungeni, na mwaka 2024 serikali ikakipandisha. Mwenye hati ya kudai husikilizwa. Muuza ndizi hana hati hiyo. Uanachama wa hiari upo, lakini kipato chake huja kwa msimu.

Kilichomfikia yeye ni simu. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, mtoto aliye Dar es Salaam hutuma fedha mwisho wa mwezi, na mzazi mlimani humkumbusha aongeze ya kutolea. Nazithamini kampuni za simu kwa kufupisha safari ya fedha. Nakataa tu kuziita kinga ya uzee. Mtoto akiachishwa kazi, kampuni haimdai wala haidaiwi. Tozo za serikali katika miamala ya simu za mwaka 2021 zilionyesha pia kwamba njia ya msaada yenyewe inaweza kutozwa kabla msaada haujafika.

Zanzibar ilichagua njia nyingine. Tangu Aprili 2016, kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 hulipwa Pensheni Jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Haulizwi aliajiriwa na nani, wala ana watoto wangapi. Kiasi ni kidogo, lakini Pensheni Jamii imerudisha kile ambacho ukoo wa Kiluguru ulikijua: mzee ana haki kwa sababu ni wa hapa.

Tanzania Bara inapaswa kufuata njia hiyo, na simu zibaki kuwa mjumbe wa malipo, gharama ya kutoa ikibebwa na serikali. Wanaosema mkulima hakuchangia wanamnyima haki yake. Kila aliponunua sabuni au kutoa fedha kwa wakala, alilipa kodi. Alichangia maisha yake yote. Kilichokosekana ni daftari la kuandika jina lake.