MWILI NA KARATASI: Historia ya malipo ya mtu asiyeweza tena kufanya kazi (Sehemu ya 4)

Mlio nami tangu sehemu ya kwanza mnajua huwa naanzia wodini. Leo pia.

Miaka kadhaa nyuma, nikiwa zamu ya usiku, aliletwa kijana wa kiwanda cha mbao. Msumeno ulikuwa umeondoka na vidole vitatu vya mkono wa kulia. Tulihangaika naye: kuzuia damu, dripu, sindano ya pepopunda, kumwita daktari. Alipotulia nikashika kalamu, nikaandika kwenye faili: "Amekatwa na msumeno." Basi. Sikuandika wapi, saa ngapi, wala alikuwa akimfanyia nani kazi.

Baada ya miezi akarudi. Tajiri wake alikuwa anasema kijana aliumia nyumbani kwake, akichonga kitanda chake mwenyewe. "Sista, naomba uandike tu kwamba nilikuwa kazini." Sasa faili haliongezwi neno miezi baadaye, hiyo inaitwa kughushi. Nikamweleza. Akasema "Sawa sista," akaondoka na ule mkono ameuficha mfukoni.

Tangu siku ile nikaanza kutafuta: hivi hili jambo la mwili kudaiwa karatasi lilianza lini?

Twende Ujerumani. Mwaka 1889, chini ya Bismarck, Wajerumani walitunga sheria ya bima ya uzee na ulemavu. Mfanyakazi akichangia, mwajiri akichangia, serikali ikiongeza. Ushahidi wa mchango ulikuwa stempu zilizobandikwa kwenye kadi. Ukishindwa kazi kwa maradhi au ulemavu, unapeleka kadi yako. Kadi haina stempu za kutosha? Hakuna pensheni, hata kama mwili wako kila mtu anauona.

Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1891. Na tarehe hiyo hiyo, msomaji wangu, ndiyo serikali ya Ujerumani ilipochukua rasmi utawala wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani sisi. Siku moja, serikali moja. Mfanyakazi wa Berlin akapata bima ya ulemavu, ila manamba wa katani wa Tanga na mjenga reli ya Usambara hawakuwemo kwenye hesabu hiyo. Akivunjika mgongo, anarudishwa kwao, mama yake ndiye atakayemlisha.

Ikaja Vita ya Kwanza. Askari wa Kijerumani na wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo unapoenda kununua vitenge limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Vita vilipoisha mwaka 1918, wapo wapagazi ambao mishahara yao haikuwafikia kamwe, maana majina na kwao hayakuandikwa vizuri.

Askari wa Mjerumani nao walisubiri sana. Ni mwaka 1964 ndipo bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba wazee walikusanyika Mwanza, na wachache mno ndio walikuwa bado na cheti. Wengine walileta vipande vya sare chakavu. Mlipaji akapata wazo: kila mzee akapewa fagio, akaamrishwa kwa Kijerumani ashike silaha, begani, chini. Inasemekana hakuna aliyekosea.

Watu wengi hucheka hapo kwenye fagio. Mimi sicheki. Mzee ameusubiri ujira wake miaka 46, na bado inabidi acheze gwaride ndipo aaminiwe.

Turudi upande wa Waingereza, maana sheria yetu ya fidia ilitoka kwao. Zamani kule Uingereza, mfanyakazi akiumia ilibidi athibitishe kwamba tajiri alizembea. Nani ataweza hiyo kesi? Mwaka 1897 wakabadilisha: huhitaji kuthibitisha uzembe, thibitisha tu kwamba umeumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Wazo hilo waliliingiza Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1940. Lilikuwa jambo jema, lakini mlipaji alikuwa mwajiri mwenyewe au kampuni yake ya bima, na viwango vikaandikwa kwenye sheria vikaachwa hapo hapo huku shilingi ikishuka thamani. Mpaka miaka ya 2000, kiwango cha juu cha ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, na cha kifo shilingi 83,000. Soma tena. Hiyo ndiyo thamani ya juu ya mkono, mguu, au baba wa watoto.

Huku upande wa akiba, mwaka ule ule wa 1964 wa mafagio, serikali yetu ilianzisha NPF. Ule ulikuwa mfuko wa akiba: ukishindwa kazi unachukua ulichoweka, kikiisha kimeisha. Sheria ya mwaka 1997 ndiyo iliyoleta NSSF na pensheni ya kila mwezi, ikiwemo ya ulemavu kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya michango.

Kisha ikaja Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mfuko wake, WCF, ulianza kazi Julai 2015. Tofauti kubwa ni hii: wanaochangia ni waajiri, na anayelipa ni Mfuko. Ukiwa hujiwezi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 unapata pensheni ya kila mwezi. Usipozidi, unalipwa kwa mkupuo. Matibabu yapo, na warithi nao wapo.

Bodaboda aliyejiajiri, mama ntilie na mkulima bado wako nje ya mfuko huu. Kwao ndugu ndio bima, kama kwa yule manamba wa enzi ya Mjerumani. Hilo nalisema bila kupaka rangi.

Lakini wewe uliyeajiriwa, hata kama ni kibarua, sikiliza. Ukiumia kazini, mwambie muuguzi au daktari siku ile ile: nilikuwa sehemu fulani, saa fulani, nafanya kazi hii ya fulani. Mwombe aandike. Mwenzako aliyeona abaki na jina lake limeandikwa. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku 7. Asipofanya, nenda mwenyewe, usisubiri huruma yake. Miezi 12 ikipita tangu ajali, haki yako iko hatarini. Na kama umeshindwa kazi kwa ugonjwa usiotokana na kazi, mlango wako ni NSSF au PSSSF, siyo WCF. Watu wanapoteza miezi wakigonga mlango usio wao.

Na nyie wauguzi wenzangu, najua zamu ya usiku ilivyo. Ila ile mistari miwili ni sehemu ya matibabu. Mimi sasa hivi kabla sijafunga faili la aliyeumia, nauliza: "Ulikuwa wapi, na ulikuwa unamfanyia nani kazi?" Yule kijana sijamwona tena. Swali lile namdai mwenyewe kila nikiliuliza.

Sehemu ya 5 tutaongelea jinsi madaktari wanavyofikia hizo asilimia za ulemavu. Mtumie mtu anayefanya kazi na mashine.