Tanga Linanunuliwa Kariakoo

Dar es Salaam imeandikwa sana kwa majengo yake na watawala wake. Historia hii inafuata nguo na kamba zinazotundikwa kwenye milingoti ya ngalawa zake, na soko lililo mbali na ufukwe ambalo ndilo linaloziuza.

Kabla Sultani Majid bin Said hajaanza kujenga mji wake hapa katika miaka ya 1860, Mzizima kilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima. Chombo kikongwe cha pwani yetu, mtepe, mbao zake zilishonwa kwa kamba, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Mnazi ulitoa kamba ya makumbi, miyaa ikasukwa tanga, mlingoti ukakatwa mwituni. Mwenye chombo alihitaji mikono kuliko fedha.

Duka lilikuja na merikani. Pamba hii nzito isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, iliingia Zanzibar kwa wingi kuanzia miaka ya 1830, na mwaka 1837 akafika konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, naye mfanyabiashara wa Salem. Huko bara merikani ilitumika kama fedha. Pwani ilivaliwa, na ikashonwa matanga. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipoikatiza, viwanda vya Uingereza na Bombay viliziba pengo. Tangu hapo tanga la mvuvi likafungamana na bei ya kitambaa.

Soko lenyewe nalo lina historia yake: jengo walilojenga Wajerumani karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia halikuwahi kupumzika. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916 wakaligeuza kituo cha wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps, na humo ndimo lilimotoka jina Kariakoo. Vita vilipokwisha likawa soko la mji.

Katika kamba mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai, 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo Tanganyika ilikuja kuongoza duniani kwa katani. Lakini katani hunywa maji, ilhali kamba ya makumbi huelea na kuvumilia bahari. Zao lililojaza meli bandarini halikufaa sana kwenye ngalawa iliyopita kando ya meli hizo. Kilichokuja kuyatupa makumbi ni kamba ya plastiki, ile tunayoiita manila, inayouzwa Kariakoo kwa mita au kwa robota zima.

Ninavyoona, la ajabu ni kwamba vifaa vimebadilika hivi na ufundi haukubadilika. Mtumbwi huchongwa, mara nyingi kwa mwembe, ukafungwa mirengu na matengo ili usipinduke. Mlingoti hupitishwa kwenye tundu la ubao wa kati na kulazwa mbele kidogo. Foromali, mara nyingi miti miwili iliyopishanishwa na kufungwa pamoja, hubeba tanga la pembe tatu na kupandishwa kwa henza. Upande wa joshi ncha ya chini hufungwa mbele. Pembe ya nyuma hushikwa kwa demani, na hiyo haimtoki nahodha mkononi. Upepo ukizidi, huilegeza. Kugeuza chombo ndiko kunakomtambulisha baharia: foromali nzima yazungushwa mbele ya mlingoti, na kamba ya kuushikilia mlingoti yahamishiwa upande unaotoka upepo. Akichelewa, tanga hujibandika mlingotini na chombo husimama.

Kukata tanga ni kazi ya mchangani. Foromali hulazwa chini, vipimo hutolewa kwake, vipande huungwa kwa shazia, na ukingo wote hushonewa dasi, kamba inayozuia nguo isichanike. Hapa fundi mbaya hujulikana mapema: akivuta dasi kupita kiasi ukingo hujikunja, akiilegeza mno hupigapiga hata chombo kikienda vizuri.

Mwaka 1968 Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa msaada wa China, na pamba ya nyumbani ikaingia madukani. Mwaka 1975 Kariakoo ikapata soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli, na usiku wa 10 Julai 2021 moto ukaliunguza. Biashara ya mitaa inayolizunguka haikukoma. Kwa sasa pwani utaona matanga ya pamba yenye viraka, ya turubai, ya mabango ya matangazo, hata ya viroba vya sandarusi vilivyofumuliwa na kuungwa. Wako wanaoyacheka. Mimi naona ni ile ile hesabu ya merikani: hununuliwa kilicho karibu, chepesi na kinachomudu upepo.

Basi unayejiundia ngalawa, chonga foromali kwanza, ndipo upande gari kwenda Kariakoo na kipimo chake. Nunua turubai jepesi, zidisha manila kwa ajili ya dasi, kisha urudi nayo pwani, Msasani au Kunduchi, umkabidhi fundi akukatie. Wa sokoni atakushonea hema zuri sana.