Mpango wa Dawa Nafuu za Malaria

Mpango wa Dawa Nafuu za Malaria (kifupi chake cha kimataifa ni AMFm) ulikuwa mpango wa kushusha bei ya dawa mseto ya malaria kwa kutumia njia za kawaida za biashara. Badala ya kuunda mfumo mpya wa kugawa dawa, wafadhili walilipa sehemu kubwa ya bei kwa mtengenezaji. Kazi ya kuifikisha dawa kwa mgonjwa waliachiwa waagizaji, wauzaji wa jumla na wenye maduka. Awamu ya majaribio ilianza mwaka 2010 na kumalizika mwaka 2012. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki.

Chanzo

Kwa miaka mingi malaria ilitibiwa kwa klorokwini, dawa iliyopatikana kwa bei ndogo hata vijijini. Vimelea vya malaria vilipojenga usugu, dawa hiyo ilipoteza nguvu. Tanzania Bara iliiacha mwaka 2001 na kuchukua SP, lakini nayo haikudumu. Mwaka 2006 nchi ilihamia kwenye dawa mseto ya artemether na lumefantrine, inayojulikana kama ALu. Kuunganisha dawa mbili kunapunguza uwezekano wa vimelea kuzoea mojawapo.

Tatizo lilikuwa bei. Vituo vya serikali viliitoa dawa mseto bure au kwa malipo madogo, lakini wagonjwa wengi wa homa huanzia dukani, kwa kuwa duka liko karibu na halina foleni. Huko dozi ya mtu mzima iliuzwa kwa dola kadhaa za Marekani, wakati dawa za zamani zilipatikana kwa chini ya dola moja. Mzazi mwenye fedha kidogo alinunua dawa ya zamani, hata kama haikuwa na uhakika wa kumponya mtoto.

Mwaka 2004 kamati ya wataalamu nchini Marekani, iliyoongozwa na mwanauchumi Kenneth Arrow, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1972, ilipendekeza ruzuku ya kimataifa. Hoja yake ilikuwa kwamba mnunuzi hutazama bei anayolipa yeye, ilhali hasara ya usugu huwapata watu wote. Kwa hiyo ni haki gharama ya kulinda dawa ibebwe na wote. Ruzuku iwekwe juu kabisa, kwa watengenezaji wachache, badala ya kugawanywa kwa maelfu ya maduka.

Kabla ya mpango kuanza, wazo hilo lilijaribiwa katika wilaya za Maswa na Kongwa nchini Tanzania. Kati ya watu walionunua dawa za malaria madukani, waliochagua dawa mseto waliongezeka kutoka takribani 1% hadi 44% katika mwaka mmoja.

Utaratibu

Mpango ulisimamiwa na Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria. Ulikuwa na sehemu tatu:

1. Kujadiliana na watengenezaji ili washushe bei kwa waagizaji binafsi.
2. Kulipa sehemu kubwa ya bei iliyobaki kwa niaba ya mwagizaji.
3. Kusaidia hatua nyingine, kama vile matangazo, mafunzo ya wauzaji na bei elekezi.

Pakiti zenye ruzuku zilikuwa na alama ya jani la kijani ili mnunuzi azitambue.

Matokeo

Tathmini huru iliyochapishwa mwaka 2012 ilichunguza majaribio manane. Tanzania Bara na Zanzibar zilihesabiwa kila moja peke yake. Katika majaribio sita, bei ya kati ya dozi ya mtu mzima kwenye maduka binafsi ilishuka kwa dola 1.28 hadi 4.82. Dawa mseto zenye ubora uliothibitishwa zilianza kupatikana katika maduka mengi zaidi. Mabadiliko yalikuwa madogo nchini Niger na Madagaska.

Ukosoaji

Shirika la Oxfam lilipinga mpango huo, likidai kwamba muuza duka si mhudumu wa afya na kwamba haikuthibitika kuwa maskini kabisa walifikiwa. Tatizo jingine ni kwamba si kila homa ni malaria. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba ruzuku kubwa iliwawezesha watu wengi zaidi kupata dawa, lakini karibu nusu ya dawa hizo zilitumiwa na watu wasio na malaria. Mtoto mwenye nimonia anayepewa dawa ya malaria huchelewa kupata tiba anayohitaji. Watafiti hao walipendekeza ruzuku ya dawa ipunguzwe kidogo, na kipimo cha haraka cha malaria nacho kipewe ruzuku.

Mwisho wa mpango

Mnamo Novemba 2012 bodi ya Mfuko wa Dunia iliamua kuingiza ruzuku hiyo katika misaada yake ya kawaida. Tangu hapo kila nchi ilitakiwa kuamua yenyewe ni kiasi gani cha fungu lake kitumike kwa dawa za madukani na kiasi gani kwa mahitaji mengine, kama vyandarua na vipimo. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa.