Hela Havula na Usafishaji wa Kisinhala
Munidasa Cumaratunga alipoasisi Hela Havula mwaka 1941, Ceylon (sasa Sri Lanka) ilitawaliwa na Waingereza. Hata hivyo, shabaha yake kuu haikuwa Kiingereza. Alitaka Kisinhala kivuliwe maneno ya Kisanskriti, yaliyohesabiwa kuwa pambo la usomi, na akarejea kwenye Elu, Kisinhala cha ushairi wa kale kilichoyaepuka. Utata upo hapo: kwa uchambuzi wa Wilhelm Geiger, Kisinhala nacho ni cha tawi la Kihindi-Kiarya, hivyo aliyefukuzwa alikuwa ndugu, si mgeni. Cumaratunga aliukataa uchambuzi huo. Tena, msamiati uliozoea mizani ya beti ukatwishwa nathari, ukawa mgumu kwa msomaji wa kawaida. Mwanamuziki Sunil Santha, mfuasi wa Hela Havula, aliufikisha kwa umma, pengine kuliko wanasarufi wenyewe, kwa nyimbo za redioni.